Kengele Iliyojazwa Nyasi

Katika miaka yangu yote ya biashara nimerudishiwa mbuzi watatu tu. Wa kwanza alikuwa anachechemea. Wa pili alikuwa na mimba, na mnunuzi alitaka nyama, hakutaka ukoo. Wa tatu alirudishwa na mlevi, ambaye kesho yake alikuja kumchukua tena akiwa na adabu zake zote. Nimewahesabu mara mbili, ni hao watatu. Kitu cha nne kurudishwa kilikuwa damu yangu.

Miaka ya tisini ilikuwa inaelekea kuisha. Mimi ni mzaliwa wa Kilimanjaro, lakini maisha yangu yalishahamia Karatu, kwenye vumbi jekundu na magari ya watalii. Nilinunua mbuzi kwa wafugaji wa upande wa Ngorongoro na kuwapeleka kwa wachinjaji waliokuwa wanalisha mahoteli. Mwanamke dalali wa mbuzi hakuwa jambo la kila siku pale mnadani. Mwaka wa kwanza wanaume walinicheka. Mwaka wa pili walianza kuniita niwahesabie, kwa sababu mimi nahesabu mara mbili: mara ya kwanza mbuzi wakiingia zizini, mara ya pili wakishatulia. Hesabu zikitofautiana, sichukui ya katikati kama wanavyofanya wavivu. Nafungua lango, natoa mmoja mmoja, hata kama watu wananitukana kwa lugha tatu.

Sasa, wifi yangu alikuwa anajifungua kwa upasuaji, na hospitali ikataka ndugu wajitolee damu. Mume wangu ni dereva wa watalii, mtu ambaye ameegesha gari hatua kumi kutoka kwa simba huku anakula andazi. Alipoiona sindano akakumbuka kwamba gari linahitaji kubadilishwa tairi. Nikaenda mimi.

Baada ya muda nesi akaniita pembeni.

"Mama, damu yako hatuwezi kuitumia."

"Ina kasoro gani?"

"Ina virusi vya homa ya ini, aina ya B."

"Yote?"

"Yote, mama."

"Hata nusu chupa?"

Nesi akaniangalia kama anayejiuliza anicheke au anihurumie. Wifi yangu alipata damu ya mtu mwingine, akajifungua msichana mwenye sauti kama ya tarumbeta, na mimi nikarudi nyumbani na bidhaa yangu mwilini.

Nilielekezwa kwa daktari, kijana wa Kiiraqw kutoka Mbulu, mrefu, aliyevaa miwani na asiyecheka hata ukimtekenya. Nilimpenda papo hapo. Mtu asiyecheka ni mgumu kupatana naye, lakini ukishapatana naye hageuki. Alinieleza taratibu. Huenda nilivipata virusi hivi nikiwa mtoto mdogo, labda wakati wa kuzaliwa. Watu wengi wakivipata ukubwani mwili unavifukuza, lakini ukivipata ungali mchanga mara nyingi vinakaa. Vinakaa miaka na miaka, na mwenye navyo hajui.

"Mwenyewe najisikia mzima," nilimwambia.

"Ndivyo walivyo wengi. Ini halipigi kelele. Tunachoogopa ni makovu. Virusi vikifanya fujo, mwili unapigana navyo humohumo ndani ya ini, na kila vita inaacha kovu. Makovu yakijaa, ini linakakamaa. Likishakakamaa, mama, hatuwezi kulirudisha."

"Na sasa hivi lina makovu mangapi?"

"Hatuhesabu hivyo."

"Mnahesabuje?"

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Tangu siku hiyo nikajua kwamba hiyo ndiyo namna yake ya kuomba subira kwa Mungu.

Alirudia kipimo baada ya miezi sita, na hapo tukaelewana. Nilifurahi kukutana na mwenzangu wa kuhesabu mara mbili. Jibu lilikuwa lilelile: virusi vipo, na ugonjwa sasa ukaitwa sugu. Nyumbani tukapimwa wote. Watoto watatu walikuwa salama, wakachanjwa mara tatu kila mmoja, sindano tisa, nilikuwepo nikizihesabu. Mume wangu, kumbe, naye aliwahi kuvipata na mwili wake ukavifukuza bila yeye kujua. Afadhali nisingeambiwa hilo mbele yake.

"Unaona?" alisema njia nzima. "Mimi nilimfukuza. Wewe umempangisha chumba."

"Endesha gari, baba watoto."

"Umempa na ufunguo."

Mpangaji huyo nilikaa naye vizuri tu miaka kadhaa. Kila baada ya miezi sita nilipanda gari, nikatolewa damu, nikasikiliza. Daktari alikuwa anaangalia mambo mawili. La kwanza ni vimeng'enya vya ini, ambavyo vikipanda maana yake ini linaumizwa. La pili ni kitu alichokiita alama ya e. Hiyo, alisema, ni protini ambayo virusi vinaimwaga kwenye damu wakati vinazaana kwa nguvu. Ikiwepo, ujue kazi inaendelea. Ikitoweka, mara nyingi ni dalili kwamba vimetulia.

Mimi nilielewa kwa njia yangu. Nikajisemea, kumbe hiyo ni kengele. Wafugaji wanamvalisha kengele mbuzi kiongozi, na wengine wanamfuata. Ukiwa umekaa chini ya kilima huoni kitu, unasikia tu ile kengele, unajua kundi liko wapi. Kengele ikinyamaza kabisa, kundi limeshapita, limekwenda zake.

Siku moja daktari akafungua faili langu, akasoma, akasoma tena.

"Alama ya e haionekani. Na vimeng'enya leo viko kawaida."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo ni dalili nzuri. Mara nyingi maana yake virusi vimetulia. Lakini urudi baada ya miezi sita tuhakikishe."

Maneno hayo nimeyaandika kama alivyoyasema, yote, kwa sababu sitaki aonewe. Kosa halikuwa lake. Mimi nilisikia mpaka kwenye neno "vimetulia," nikasimama hapo. Jioni ile tulichinja mbuzi. Mume wangu alitoa hotuba, akatangaza mbele ya majirani kwamba mpangaji amehama na ameacha chumba kikiwa kimefagiliwa. Jirani mmoja wa Kiiraqw akaleta ugali wa mtama na maziwa ya mgando, tukala mpaka mifupa ikabaki myeupe. Miezi sita ilipofika, nilikuwa na mbuzi wa kupeleka. Miezi kumi na miwili ilipofika, nilikuwa nimesahau kuhesabu miezi. Mimi! Mtu anayehesabu hata ngazi za benki.

Kwa nini nilisahau? Kwa sababu kengele ilikuwa imenyamaza. Na hapa lazima nikiri kitu, vinginevyo msomaji hatajua nilivyokuwa mjinga.

Mfugaji niliyenunua kwake zaidi alikuwa mzee wa Kimaasai. Kwao ni Arash, kule Loliondo, lakini boma lake lilikuwa upande wa Ngorongoro, juu ya Oldeani. Kutoka kwake kuja Karatu kuna njia mbili. Moja inazunguka, ina mawe na makorongo, na mbuzi wanafika wamekonda. Nyingine inapita kandokando ya shamba kubwa la kahawa. Walinzi wa shamba hawakutaka kusikia habari ya mbuzi, na walikuwa na haki, maana mbuzi akiuona mche mchanga wa kahawa anafikiri ameandaliwa meza. Wakisikia kengele tu, wanakuja na virungu, unarudishwa ulikotoka.

Mzee wangu alikuwa anazunguka siku zote. Mimi ndiye niliyemfundisha njia ya pili. Tulipofika karibu na shamba nilimshika mbuzi kiongozi, nikang'oa nyasi, nikazisokota, nikaziminya ndani ya kengele mpaka ulimi wake ukashindwa kucheza. Kisha tukapita, mbuzi wote, kimya kabisa, katikati ya walinzi waliokuwa wanasikiliza kwa makini kengele isiyolia. Mbuzi tuliwashika karibu, hawakugusa hata jani. Labda jani moja mawili. Upande wa pili nilitoa nyasi, kengele ikaanza kuimba tena, na mzee akacheka mpaka akaegemea fimbo yake.

"Yeyo," aliniambia, maana ndivyo Wamaasai wanavyomwita mama, "wewe ungezaliwa kwetu, wengine wangekosa ng'ombe nchi nzima."

Hila hiyo tuliitumia mara nyingi. Niliwafundisha na wengine. Nilijisifia mnadani kwamba mlinzi anayetegemea masikio ni mlinzi wa bure. Yaani maneno hayo niliyasema mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu, mbele ya mashahidi, na wakati huohuo nimekaa nyumbani nimetulia kwa sababu kengele moja haisikiki.

Miaka mitatu ikapita hivyo. Lami ikafika Karatu, tukaacha kula vumbi, watalii wakaongezeka, na mahoteli yakataka mbuzi zaidi. Nilianza kuchoka. Nikasema ni umri. Nikasema ni lami, maana nilikuwa nimezoea kurushwarushwa. Chakula chenye mafuta kikawa kinanichefua, nikasema mpishi wa siku hizi hajui kazi, na mpishi ni mimi.

Siku moja nilikuwa bomani kwa yule mzee, tunapokea mbuzi. Yeye, lazima niseme, hakuwahi kuhesabu mbuzi wake hata mara moja. Kwao kuhesabu mifugo kwa sauti ni kuitafutia mikosi. "Ukiwahesabu unamwambia fisi wako wangapi," alizoea kunitania. Yeye alikuwa anasimama langoni, anaangalia rangi na sura zikipita, na mmoja akikosekana anakwambia ni yule wa kahawia mwenye sikio lililochanika, dada yake yule mweupe. Mimi na yeye tulikuwa tunatofautiana hivyo kwa miaka saba, na hatujawahi kupishana hata mbuzi mmoja.

Mbuzi waliingia. Nikahesabu. Nikakaa kwenye jiwe. Nikamwambia, "Ishirini na saba. Sawa."

Mzee aliacha lango. Akaja akasimama mbele yangu.

"Umehesabu mara moja," alisema.

"Mara mbili."

"Mara moja. Mimi nilikuwa nakuangalia. Ulianza ya pili, ukafika kwa yule mweusi mwenye doa, ukakaa."

"Nilikuwa napumzika, mzee."

"Miaka saba hujapumzika mbele ya mbuzi wangu. Unaogopa nitakupunja."

"Sikuogopi."

"Basi unaumwa. Angalia juu."

Nikaangalia juu. Akainama, akanitazama macho, jicho la kulia, jicho la kushoto, bila kunigusa, kama anavyoangalia mnyama anayetaka kumnunua. Nilikuwa nasubiri aniambie nifungue mdomo aone meno.

"Macho yana rangi ya siagi," alisema. "Mbuzi mwenye macho haya mimi simuuzi."

"Kwa sababu ni mgonjwa?"

"Kwa sababu wewe hutamnunua."

Nikamlipa bei aliyotaja, bila kupatana. Hiyo yenyewe ilinitisha kuliko macho.

Jumatatu yake mume wangu alinipeleka kwa daktari. Njia nzima hakutania, na hilo nalo likanitisha. Daktari alikuwa ameongeza mvi mbili tatu na miwani minene zaidi. Akafungua faili.

"Mama, miezi sita yako ilikuwa mirefu."

"Barabara ilikuwa inatengenezwa, daktari."

"Miaka mitatu?"

"Ni lami nzuri sana."

Akafuta miwani.

Majibu yalipotoka, vimeng'enya vilikuwa vimepanda mara tano ya kawaida. Alama ya e, hakuna. Kabisa. Nikainamia meza.

"Daktari, hapa hesabu mbili zinatofautiana. Moja inasema ini linaumizwa. Nyingine inasema hakuna anayeliumiza. Mnadani tukifika hapa tunafungua lango, tunahesabu mmoja mmoja."

Nadhani ndiyo siku ya kwanza aliniangalia kama mtu mwenye akili. Akasema ndicho anachotaka kufanya. Kuna kipimo kinachohesabu virusi vyenyewe kwenye damu badala ya kutafuta alama yake. Hapa hakikuwepo, damu ingepelekwa Nairobi. Wiki zikapita, nikiuza mbuzi kwa nusu moyo. Majibu yakarudi. Virusi vilikuwa vingi kiasi kwamba ile namba niliisoma kwa kidole, sifuri baada ya sifuri.

"Hiyo mashine imehesabu mara ngapi?" niliuliza.

"Mara mbili," alisema daktari.

Mpaka leo sijui kama alikuwa ananitania.

"Sasa kama vipo vyote hivi, ile alama ya e imekwenda wapi?"

Akachukua kalamu na karatasi. Kila kirusi, alisema, kina maagizo yake ndani, yameandikwa kama kwa herufi, na maagizo hayo ndiyo jeni zake. Kikitaka kuzaana kinayanakili. Lakini kirusi hiki ni mwandishi mvivu. Kinanakili haraka, hakirudii kusoma, kinakosea herufi hapa na pale. Makosa mengi yanakiua chenyewe. Machache yanakisaidia. Na kuna kosa moja linalojulikana sana. Herufi moja ikibadilika mahali fulani, kirusi kinashindwa kutengeneza ile protini ya e.

"Kinashindwa kuzaana?"

"Hapana. Kinazaana kama kawaida. Kinachokosekana ni alama tu. Mimi sijasoma herufi zako moja moja, mashine ya hivyo hatuna. Lakini nikiona e haipo, virusi ni vingi, na ini linaumia, mara nyingi ndivyo ilivyo."

"Na kwa nini hivi vyenye kosa ndivyo vibaki? Si vimeharibika?"

"Kwa sababu mwili wako ulianza kupigana. Ulikuwa unavitafuta vile vyenye alama ukavipiga. Visivyo na alama vikapita katikati. Baada ya muda vikabaki hivyo vinavyopita kimya. Na ndivyo vinavyosumbua watu wa umri wako. Vinapanda, vinashuka, leo ukipima ini liko sawa, mwezi ujao limewaka moto."

Nilianza kucheka. Sikutaka, lakini nilianza, na nikishaanza kucheka huwa sisimami kirahisi. Nesi akachungulia. Mume wangu aliyekuwa nje akaingia mbio, akidhani nimepewa habari mbaya nimechanganyikiwa.

"Amefanya nini?" aliuliza.

"Sijui," alisema daktari, na kwa mara ya kwanza alionekana kuwa na wasiwasi. "Nilikuwa namweleza kuhusu jeni."

"Ameminya nyasi kwenye kengele!" nilisema nilipopata pumzi. "Baba watoto, mpangaji hakuhama. Amejaza nyasi kwenye kengele, anapita katikati ya walinzi!"

Ilibidi tumweleze daktari habari yote ya Oldeani, kahawa, virungu, mbuzi kiongozi. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akageuza karatasi yake yenye herufi, akachora kengele nyuma yake, akaiangalia muda, akaiweka ndani ya faili langu.

"Miaka sita nafundishwa," alisema, "hakuna aliyenieleza hivyo."

Hakucheka. Lakini mdomo wake ulijongea upande mmoja.

Baada ya hapo kazi ilianza. Kilichokuwa mezani sasa, kuliko virusi vyenyewe, ni lile swali la kwanza kabisa: makovu mangapi? Miaka mitatu vimefanya fujo kimya, na mimi nachinja mbuzi kusherehekea. Kama ini lilikuwa limekakamaa, dawa ingezuia mengine lakini isingerudisha kilichopotea. Daktari alitaka kuchukua kipande kidogo cha ini kwa sindano ndefu apime.

Hapo nikarudi kwenye fani yangu.

"Urefu gani?"

Akanionyesha kwa vidole. Nikavisogeza vidole vyake karibu karibu.

"Hivi."

"Mama, sindano haipunguzwi."

"Kila kitu kinapunguzwa. Tuanze na picha ya tumbo, ile wanayopigwa wajawazito. Picha ikiwa nzuri, sindano tunaacha."

"Picha ikiwa nzuri, sindano tunachoma vilevile, kwa sababu makovu ya mwanzo hayaonekani kwenye picha."

"Ikiwa mbaya?"

"Ikiwa mbaya sana, labda hatutahitaji sindano."

Nikaviachia vidole vyake. Ni mara yangu ya kwanza kushindwa patano kwa kuogopa kwamba ningeshinda. Tulipiga picha, ikaonekana nzuri, nikachomwa. Mume wangu alisimama pembeni, akaiona sindano, akakaa sakafuni. Ilibidi nesi wa pili aitwe kwa ajili yake.

Majibu ya kile kipande yalichukua wiki mbili na siku moja. Siku hizo nilihesabu kila kitu: madebe, vifungo vya shati, mapigo ya saa ya ukutani. Nilikuwa nahesabu mpaka mara tatu. Nilimwangalia binti yetu mdogo akisuka nywele za mwanasesere, nikahesabu amebakiza miaka mingapi kumaliza shule, nikarudia, nikaacha kabla sijafika mwisho.

Daktari hakunizungusha. Hata sijakaa alisema, "Makovu yapo. Yameanza. Hayajaungana."

"Yaani?"

"Yaani umechelewa, lakini hujakosa gari."

Nilimwomba arudie. Akarudia. Mume wangu aliyekuwa nyuma yangu akapumua kwa sauti kama tairi linalotolewa upepo.

Dawa ilikuwa kidonge kimoja kila siku, kinafuatwa Arusha, na kikikosekana huko, Nairobi. Nilijaribu kupatana hapo pia. Niliuliza kama Jumapili ningeweza kupumzika, kwa kuwa hata Mungu alipumzika. Daktari akaniambia kwamba yule mwandishi mvivu bado anaandika. Nikiruka siku, dawa inapungua mwilini, virusi vinazaana, vinakosea tena herufi, na safari hii vinaweza kukosea vizuri, vikajifunza kupita mbele ya dawa yenyewe. Na hata nisiporuka, alisema, siku moja dawa hii inaweza kuzoewa, tukatafuta nyingine. Ndiyo maana nitapima, na kupima, na kupima. Hakuniahidi kwamba vitakwisha. Aliniahidi kwamba tutaviweka chini, ini lipumzike.

"Kwa hiyo hapunguzi hata siku moja?" mume wangu aliniuliza garini.

"Hapunguzi."

"Umempata mwenzako."

Vidonge nilivihesabu mara mbili: asubuhi kabla ya kumeza na asubuhi baada ya kumeza. Mtu akitaka kujua kama inawezekana mwanamke kushindana na kichupa kwa mwaka mzima, aje anione. Sikukosa hata kimoja. Kuna siku nilikisahau nyumbani nikiwa nimeshafika Oldeani, nikageuza, nikawaacha mbuzi na watu wote wakinitazama kama nimerogwa.

Baada ya mwaka damu ikaenda Nairobi tena. Vimeng'enya vilishashuka zamani, macho yangu yalisharudi meupe, na mafuta ya nyama nilikuwa nayala kwa ugomvi. Lakini hayo nilishajifunza kutoyaamini peke yake. Jibu lilipokuja, daktari alilisoma, akalisoma tena.

"Mashine haikuweza kuvihesabu. Viko chini ya kiwango inachoweza kuona."

Mume wangu tayari alikuwa amesimama, anataja mbuzi wa kuchinja, anataja na rangi yake.

"Kaa chini," nilimwambia. Nikamgeukia daktari. "Haikuviona, au havipo?"

"Haikuviona."

"Basi narudi baada ya miezi sita."

Daktari akavua miwani. Hakuifuta. Aliishika tu mkononi, akatabasamu, meno yote nje, na nikaona kwamba moja la pembeni halipo. Miaka yote ile nilikuwa sijui.

Wiki ile nilipanda kwa mzee wangu. Alinisalimu kwa Kimaasai, "Takwenya!" nikaitikia, "Iko!" kisha akaniambia niangalie juu. Akatazama la kulia, akatazama la kushoto.

"Huyu namuuza," alisema.

Nilikuwa nimeshamsimulia habari ya kengele, na yeye alikuwa ameisimulia boma zima, kila mara akinitaja kama mwalimu aliyeibiwa na mwanafunzi wake. Mbuzi wakaingia. Nikahesabu, thelathini na mmoja. Nikangoja watulie, nikahesabu tena, thelathini na mmoja. Kisha nikaingia katikati yao, nikamshika mbuzi kiongozi, nikaigeuza kengele yake na kutia kidole ndani mpaka mwisho.

"Unatafuta nini humo?" mzee aliuliza, ingawa alijua.

"Nyasi."

"Zipo?"

"Leo hazipo."

Akacheka, akafungua lango. Mbuzi wakaanza kushuka, kengele inalia kwa nguvu, na tulipofika njia panda ya Oldeani tuliwapitisha ile ya mawe, inayozunguka.